Jike amepitisha siku: usikimbilie sindano

Simu huja jioni, watu wakishatoka sokoni na kwenda kuangalia kibanda. "Mama, jike wangu wa nguruwe amepitisha siku, hazai. Nimpige sindano gani?" Kabla sijajibu, swali la pili limeshafika: "Hapa farmasi wana moja ya kuleta uchungu, nichukue?" Wanaonipigia wako mitaa ya hapa Bukavu, Kongo: Bagira, Panzi, Cimpunda, wengine huko juu vijijini Kabare na Walungu. Nawaelewa. Jike mwenye mimba nyuma ya nyumba ndiye minervali, ada ya shule, ya Septemba, ndiye kodi ya nyumba, na mara nyingi ndiye deni la likelemba, mchango wetu wa kupeana kwa zamu, ambalo pesa yake imekwisha kuliwa. Kila siku inayopita kibanda kikiwa kimya inamla mtu moyo.

Naandika hapa jibu ninalowapa, lote kwa mkupuo, maana kwa simu yenye yuniti chache halienei, na jibu la nusu kwa jambo hili linaua nguruwe.

Nguruwe hubeba mimba siku 114. Wazee walitufundisha kuihesabu kwa tatu tatu: miezi mitatu, wiki tatu, siku tatu. Aliyepandwa tarehe 15 Januari atazaa karibu na tarehe 9 Mei. Lakini 114 ni katikati tu. Jike mmoja anazaa siku ya 112, mwingine anafika 117, na wote wawili ni wazima. Mwenye watoto wengi tumboni huwahi, mwenye watoto wachache hukawia. Mtu akinipigia siku ya 115, ninachomwambia ni kumwekea jike majani makavu na maji ya kutosha, kisha akalale.

Shida ya kwetu iko kwenye siku ya kwanza ya hesabu. Wachache sana wana dume lao. Kulisha dume mwaka mzima kwa dreshi (machicha ya pombe) na pumba ni gharama asiyoiweza mtu mwenye majike mawili, basi tunaazimana. Dume analetwa kwa kamba asubuhi, au jike anapelekwa kwa mwenye dume, na malipo ni mtoto mmoja wa nguruwe akishaachishwa kunyonya. Dume akishafika, huachwa na jike kibandani wiki mbili, tatu, hata mwezi. Mwenye jike anaandika, kama anaandika, siku dume alipoingia mlangoni. Siku jike aliposimama akakubali kupandwa haijui mtu. Sasa joto la jike, yaani hamu yake ya kupandwa, hurudi kila baada ya siku 21 hivi, na likija hudumu siku mbili au tatu tu. Dume aliyefika tarehe 15 Januari anaweza kuwa amempa mimba tarehe 5 Februari, joto lilipokuja. Mwenyewe anangoja watoto tarehe 9 Mei, na watoto hesabu yao ni tarehe 30 Mei. Wiki tatu hizo za katikati ndizo watu wanaziita kupitisha siku.

Hata pale dume alipokuja asubuhi moja na kuondoka, mimba inaweza kukosa kushika. Jike anarudi kwenye joto baada ya wiki tatu, na dume wa jirani aliyefungwa vibaya anavunja ubao usiku. Watu wa nyumba wanaamka, wanapigilia msumari, na hakuna anayeandika kitu.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa simu halimhusu jike kabisa. Nauliza: dume alikaa siku ngapi? Alitoka lini? Tangu hapo jike aliwahi kusumbua tena, kupiga kelele, kuacha chakula, kuvimba uke? Kwa majibu hayo peke yake simu nyingi huishia hapo, na tarehe mpya inaandikwa kwa mkaa kwenye ubao wa kibanda.

Tarehe ikikosekana kabisa, mwili unasema. Kiwele huanza kujaa katika wiki ya mwisho au mbili za mwisho. Uke unavimba na kulegea siku chache kabla. Siku yenyewe ikikaribia, jike anatafuta kutengeneza kitanda: ukimpa majani ya migomba anayabeba kwa mdomo na kuyakusanya pembeni, na kama hakuna kitu atakwangua ubao mtupu kwa pua na kwato, analala, anainuka, analala tena. Kisha kuna maziwa, na hapo ndipo ninapoamini kuliko alama nyingine zote. Kamua chuchu taratibu kwa kidole gumba na cha shahada. Yakiruka maziwa bila kulazimisha, mara nyingi atazaa ndani ya saa 24, pengine chini ya hapo. Likitoka tone la majimaji, bado. Kisipotoka kitu, na jike anakula vizuri na kulala kwa utulivu, hakuna sababu yoyote ya kumpiga sindano ya uchungu usiku huo.

Kuna mama mmoja wa Bagira aliyeniita akiwa ameshanunua ampuli, kichupa cha dawa ya sindano. Kibanda chake kimeinuliwa kwenye mteremko, sakafu ya mbao yenye nafasi katikati ili mavi yapite. Jike, mweupe mwenye madoa meusi, alikuwa anakula dreshi kwa fujo, masikio yakicheza. Nilimsugua tumbo mpaka akajilaza ubavu. Chuchu zilikuwa bado ndogo na kavu, ngozi ya kiwele haijavutika. Nikaweka kiganja chini ubavuni, karibu na chuchu za nyuma, nikangoja. Mtoto akapiga. Akapiga mwingine. Nikamshika mama mkono nikauweka palepale, naye akawasikia. "Lakini Yaya, dawa nimeshainunua," akasema kwa sauti ya chini. Nikamsihi airudishe. Kumbe dume alikuwa amekaa kwake zaidi ya mwezi. Jike alizaa karibu wiki tatu baadaye, watoto tisa wazima, hakuguswa na mtu.

Ile ampuli ilikuwa oksitosini, na nataka tuielewe vizuri kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi. Kila maternite inaijua, nayo ni dawa nzuri ikiwa mahali pake. Kazi yake ni kukaza misuli ya mfuko wa uzazi. Haifungui mlango wa kizazi. Ukimpiga jike ambaye mlango wake bado umefunga, pengine haitafanya kitu, na mwenyewe ataongeza ya pili na ya tatu akidhani ya kwanza ilikuwa dhaifu. Au itafanya kazi, na mfuko utasukuma watoto kwenye mlango uliofungwa. Kitovu kinabanwa, mtoto anakosa damu, anakufa humo humo. Mtoto aliyekaa vibaya akiwa amekwama njiani, mfuko unaweza hata kupasuka, na hapo unapoteza mama pia. Matumizi yake halali kwa nguruwe huja baadaye: watoto wameanza kutoka, uchungu umelegea, na mtu mwenye mkono safi amehakikisha njia iko wazi. Hapo inapigwa kidogo. Tena oksitosini hutaka ubaridi wa friji, nyuzi 2 hadi 8. Kwa jinsi umeme wetu unavyokatika, ampuli iliyokaa miezi juu ya rafu inayopigwa na jua mchana kutwa siwezi kuiamini hata siku inapohitajika kweli.

Dawa ya kuanzisha uzazi kwa nguruwe ni nyingine, nayo ni prostaglandini. Daktari mmoja alinieleza inavyofanya kazi tukiwa tumekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, na tangu siku hiyo mambo mengi yalinikaa sawa kichwani. Mimba ya nguruwe inashikiliwa na homoni ya projesteroni, na projesteroni hiyo hutoka kwenye ovari, kwenye vinundu vya njano vinavyobaki pale mayai yalipotoka. Vinundu hivyo vikiwa hai, mfuko wa uzazi unatulia na mlango unafunga. Wanaovunja utulivu huo ni watoto wenyewe. Wakishakomaa, tezi zao hutoa homoni ya kotisoli, kotisoli inachochea mfuko wa mama utoe prostaglandini, prostaglandini inaviua vile vinundu, projesteroni inashuka, mlango unalegea na uchungu unaanza. Kumbe watoto ndio wanaochagua siku! Na wote wakifia tumboni, hakuna aliyebaki wa kutoa ishara. Jike anaweza kukaa na mimba iliyokauka wiki nyingi, anakula, anatembea, na wewe unangoja.

Sindano ya prostaglandini inafanya kazi hiyo ya watoto. Iko ya aina mbili tunayoweza kuisikia ikitajwa: dinoprosti, kama ile ya Lutalyse, dozi yake kwa jike ni miligramu 10, na kloprostenoli, kama ile ya Planate, dozi yake ni mikrogramu 175 hivi. Inapigwa kwenye misuli, na majike wengi huzaa ndani ya saa 20 hadi 36. Hapa kwetu anayekuwa nayo mara nyingi ameinunua kwa ajili ya ng'ombe, kwa sababu inatumika kuwaleta kwenye joto. Hiyo inahitaji macho. Chupa ya kloprostenoli ya ng'ombe kwa kawaida ina mikrogramu 250 katika kila mililita, wakati ile ya nguruwe ina 87.5. Mililita mbili za chupa ya nguruwe ni dozi kamili. Mililita mbili za chupa ya ng'ombe ni karibu mara tatu yake. Anayepiga lazima asome lebo na kupiga hesabu mbele yako. Asiyeweza kukuonyesha hesabu hiyo, asimguse mnyama wako.

Na tarehe inarudi tena hapa, kwa nguvu zaidi. Prostaglandini haiulizi kama watoto wamekomaa. Ukimpiga jike wa siku ya 100 ukidhani ni wa 118, atazaa kweli, na utapokea watoto wenye mapafu mabichi, wasio na nguvu ya kufika kwenye chuchu. Hata wiki moja kabla ya wakati ni hasara. Wanaojua kazi hii hawapigi kabla ya siku ya 113, na siku hiyo iwe imehesabiwa kwenye tarehe ya kupandwa iliyoandikwa. Yule mama wa Bagira angepata prostaglandini badala ya oksitosini, angepoteza wote tisa.

Kuna jambo ambalo nataka kila mwanamke anayesoma hapa alishike, kwa sababu vibandani ni sisi tulio wengi. Prostaglandini inapenya ngozi. Tone likimwagikia mkononi kwa mwanamke mwenye mimba linaweza kumharibia mimba, na kwa mtu mwenye asma linaweza kumbana kifua vibaya. Mwenye mimba, au anayedhani huenda anayo, asishike chupa hiyo, asishike bomba lake la sindano, wala asimshike jike anapopigwa. Watoto wasitumwe kuokota chupa tupu. Likimwagika, ni maji na sabuni hapo hapo. Nimeona chupa hiyo ikipitishwa mkono kwa mkono kama chupa ya maji, mama mwenye tumbo kubwa ndiye ameishika wakati mpigaji anatafuta sindano mfukoni. Nilimnyang'anya, na mpaka leo nikikumbuka moyo unanidunda.

Lakini wapo majike waliopitisha siku kweli kweli. Wangu mmoja, mwekundu, aliyekuwa ameshazaa vizuri mara mbili, tarehe yake sikuwa na shaka nayo: dume alikuja mbele ya macho yangu, akampanda asubuhi, akampanda tena kesho yake, akarudishwa kwao. Alipovuka siku ya 117 kiwele chake kilikuwa kimeanza kujaa kisha kikalegea tena. Alikula nusu ya chakula. Nikiweka kiganja ubavuni nasikia kidogo sana, upande mmoja tu, mara moja moja.

Daktari alipofika aliomba daftari kabla ya kumwangalia mnyama. Alisoma, akahesabu kwa vidole kwenye kalenda, akahesabu tena. Ndipo akaingia. Akampima joto kwa nyuma: 39, hana homa. Akakamua chuchu. Akanusa uke, hakuna harufu wala uchafu. Akaomba maji ya moto na sabuni, akaosha mkono mpaka kwenye kiwiko, kucha zake zimekatwa mpaka kwenye nyama, akapaka mafuta, akaingiza vidole polepole huku jike amejilaza. Mlango ulikuwa umefunga. "Wako wachache," akasema, "na sidhani wote ni wazima. Tukimwacha, hao wachache watazidi kukua." Akasema atarudi asubuhi kupiga sindano, si usiku ule, kwa sababu ya hesabu ya saa: ukipiga saa moja au saa mbili asubuhi, uzazi unaangukia kesho yake mchana, wakati mtu anaona anachofanya na motari, wenye pikipiki za abiria, bado wanapita.

Asubuhi alipiga shingoni, nyuma ya sikio. Robo saa haikuisha, jike akaanza kukwangua sakafu, kuhema, kutoa mate, kukojoa kidogo kidogo. Mwanangu akapiga kelele kwamba anazaa. Daktari akamtuliza: hiyo ni dawa yenyewe inavyomchezea, itapita. Ikapita. Jike akalala mchana wote kama hakuna lililotokea, na kama ningekuwa peke yangu ningetafuta sindano ya pili.

Kesho yake saa sita hivi alianza. Wa kwanza alikuwa amekauka, mweusi wa kahawia, mfupi kuliko kiganja changu. Kisha mzima, mkubwa, akalia. Mzima mwingine. Kisha mkavu wa pili, mrefu kidogo kuliko yule wa kwanza. Mmoja aliyekamilika lakini amekufa. Kisha mzima wa tatu, aliyekaa kwa matako, huyo daktari alimvuta kwa mkono. Baadaye akalaza wale wafu juu ya jani la mgomba kwa kufuata urefu wao, akaniita nitazame. Tofauti ya urefu, akasema, ni alama kwamba walikufa kwa nyakati tofauti, mmoja baada ya mwingine, na hivyo ndivyo kirusi kiitwacho parvovirusi kinavyotembea ndani ya mfuko wa uzazi. Bila maabara hakutaka kuapa. Akauliza pia kuhusu mahindi, akaomba kuyaona, akayanusa. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumu iitwayo zearalenoni, ambayo mwili wa jike unaichukua kama homoni yake mwenyewe: uke unavimba bila joto, mimba inapotea, au jike anaonekana ana mimba asiyokuwa nayo. Yangu yalikuwa makavu. Yeye huyo jike nilimbakiza, kwa sababu aliyepona parvovirusi kwa kawaida hukaa na kinga muda mrefu, na mimba iliyofuata ilikwenda vizuri.

Wale watatu waliobaki waliishi, na hilo nalo lina kazi yake. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa nguruwe anazaliwa bila mafuta ya kumtosha, anataka nyuzi kama 34. Usiku wetu hauko karibu na hapo. Naweka boksi lenye majani makavu na bidoni ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Mbabula yenye makaa ndani ya kibanda cha mbao siitaki, moshi na moto vimeshamaliza vibanda vya watu. Na kila mtoto lazima anyonye dang'a, maziwa ya kwanza, mapema, saa za kwanza, kwa sababu hazaliwi na kinga ya mama na utumbo wake unafunga njia hiyo ndani ya siku moja. Jike aliyechelewa au aliyepigwa sindano anaweza kukawia kutoa maziwa, hivyo mtu asiondoke.

Sasa, kumpata mtu kama yule daktari. Madaktari wa mifugo wengi wa nchi yetu wamesomea chuo kikuu cha Lubumbashi, mwisho mwingine wa Kongo, na wanaorudi Kivu kufanya kazi ya kuingia vibandani ni wachache. Tunaowaona kila wiki ni mafundi wa mifugo, waliosoma shule za huku, na mimi nasema bila kusita kwamba baadhi yao wameshika majike wengi kuliko daktari yeyote, mikono yao inajua. Wako pia wauza dawa waliojifunza kwa kuuza. Wako manesi wa watu ambao jirani huwaita kwa sababu wana bomba la sindano. Hao wawili wa mwisho wanaweza kuwa watu wema sana, lakini uzazi wa nguruwe hawaujui. Tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025 na benki zikafunga, hata pesa ya kumlipa mtu papo hapo imekuwa ngumu kuipata, na dawa nazo zinafika kwa kusuasua.

Ninavyomchagua mtu ni kwa maswali anayoniuliza. Nikimpigia simu nikasema "jike hazai", na yeye akajibu bei ya sindano, namshukuru na kukata. Akiuliza alipandwa lini, mara ngapi ameshazaa, anakula, ana maziwa, kuna uchafu wowote unaotoka, huyo nampigia tena. Nawe uwe na majibu hayo tayari. Na kuna hali ambazo hazingoji mjadala: maji yenye damu au vipande vya kijani vya mavi ya watoto vimetoka na saa nzima imepita bila mtoto, jike anasukuma zaidi ya nusu saa na hakuna kinachokuja, kuna harufu ya kuoza. Hapo ni kupiga simu usiku huo huo, na huyo hatumwiti tena jike aliyepitisha siku.

Ukimwita mtu, mwambie pia ukweli kuhusu mtaa wako. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, inarudi Kivu Kusini mara kwa mara. Haina tiba, na chanjo hatuna. Inatembea kwa buti, kwa sindano moja inayopita vibanda vitatu, kwa dume la kuazima, kwa mabaki ya nyama. Jike mwenye mimba akiipata anaweza kuharibu mimba kabla hata hujaona masikio yakigeuka mekundu. Kwa hiyo kama nguruwe wanakufa kwa jirani, daktari alijue hilo kabla hajapanda pikipiki. Mimi nina ndoo ya maji yenye javeli, dawa ya kuulia vijidudu, mlangoni, kila mtu anaosha buti kuingia na kutoka, na sindano nanunua mpya mwenyewe.

Nimeacha la pesa mpaka hapa kwa sababu nadhani ndilo linaloharibu mengine yote. Sisi wafugaji tumezoea kulipa sindano. Mtu akija, akaangalia, akakamua chuchu, akasoma daftari, akasema "bado, ngoja Jumanne", tunamwona hajafanya kitu. Tunampa nauli ya pikipiki tu, pengine na hiyo kwa kunung'unika. Fundi mmoja aliniambia waziwazi kwamba akishapanda mteremko wa Kadutu kwa pesa yake, lazima apige kitu, hata vitamini, la sivyo watoto wake watalala njaa. Siku jike anapokuwa na tarehe ya uongo, kitu hicho anachopiga kinaweza kuwa ndicho cha kuua watoto wote. Alichokifanya yule daktari usiku ule wa kwanza kibandani kwangu, kabla ya kufungua chupa yoyote, ndicho kilichookoa wale watatu, na ndicho ambacho kwa desturi yetu asingelipwa.

Kwenye kikundi chetu cha wafugaji tumekubaliana bei ya kuja kuangalia, inayolipwa hata kama hakuna sindano iliyopigwa, na bei ya dawa inahesabiwa peke yake. Kila mwenye jike anachangia kidogo siku ya mkutano, na anayeita daktari anachukua kutoka humo, anarudisha watoto wakiuzwa. Chupa ya prostaglandini anaiweka daktari mwenyewe, haikai kwa yeyote kati yetu. Kila jike ana ukurasa wake kwenye daftari: siku dume aliyoingia, siku alizoonekana akipanda, siku aliyotoka, na siku ya 21 baada ya hapo imezungushiwa duara ili mtu aende kuangalia kama joto limerudi. Bado hatujapata ufumbuzi wa usiku. Baada ya saa mbili hakuna motari anayekubali kupanda Cimpunda wala kushuka Panzi, na daktari ana haki ya kuogopa barabara. Kwa saa hizo tumewafundisha wanawake wawili wa kikundi kuosha mkono na kugeuza mtoto aliyekaa vibaya, na tunatafuta wa tatu upande wa Bagira.